Nondo za Kupigwa Picha

Wazazi wenzangu hapa Mwala, mimi ni Ndinda, mwenye duka la mbegu, na ndimi niliyekuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa shule yetu. Wengine watawasimulia habari hii wakiziruka sehemu zinazowaaibisha. Mimi sitaruka, hata pale ninapotajwa.

Mwaka jana hapakuwa na boma lililotulia kama la Kaloki. Ni fundi wa mawe, na nyumba nyingi mnazolala zilijengwa kwa mkono wake. Jumapili baada ya ibada ungemkuta uani na binti yake Mueni, wa miaka tisa, akimfundisha kushika timazi na kutazama kama ukuta wa banda la mbuzi umesimama wima. Mkewe Kamanthe alikaa kizingitini akichambua ndengu na kuwacheka. Jambo moja tu lilimkosesha Kaloki raha: alikuwa amemaliza miezi minane bila kazi ya maana.

Ndipo serikali ikatoa kandarasi ya kujenga upya madarasa mawili ya shule. Tulimweka Kaloki kwenye kamati kwa sababu sisi wengine hatuwezi kutofautisha zege na uji. Tulisema kwamba yeye akisema ukuta ni mzima, basi ni mzima. Aliyepewa kandarasi aliitwa Rodgers, mtu wa mjini Machakos, mtanashati, mwenye maneno laini.

Niwaeleze kitu kidogo cha ujenzi. Juu ya madirisha hupita mkanda wa zege unaolizunguka jengo lote, na mafundi huuita linta. Ndani yake hulazwa nondo, zile fimbo ndefu za chuma, ili kuta zishikane hata upepo ukilisukuma paa. Linta isiyo na nondo hukatika kama biskuti.

Siku ya ukaguzi nondo zilikuwa zimelazwa vizuri, mpya, zimefungwa kwa waya. Mkaguzi akapanda ngazi, akapiga picha, akashuka. Rodgers alikuwa ametuchinjia mbuzi. Tukaenda kula kwa mwalimu mkuu, na mimi nilikula nikalamba vidole, sitawadanganya. Kaloki peke yake alirudi kwenye jengo kuchukua kofia aliyoisahau, akawakuta vibarua wakizichomoa nondo na kuzipakia kwenye lori. Msimamizi hata hakushtuka. Alimweleza kwamba kesho zinapigwa picha kwenye shule nyingine, na kwamba hii ilikuwa ya tatu. Jioni ile zege likamwagwa bila chuma hata kimoja.

Kaloki alimfuata Rodgers akamwambia hatatia sahihi. Rodgers hakugombana naye.

"Mzee, hii nyumba itasimama tu," alisema. "Na huu mwezi ukiisha kama hamjasaini, pesa inarudi serikalini, watoto wasomee kwa jua. Halafu mimi niko na kazi ya zahanati kule Kathiani. Nataka fundi wa mawe, miezi sita. Si uje tufanye?"

Kaloki hakutuambia neno, na kunyamaza huko ndiko kulikotumaliza. Kabla ya mwezi kuisha, paa lilipokwisha kuezekwa, aliandika jina lake kwenye cheti cha kukamilika kwa kazi. Sisi tukaandika yetu chini ya lake. Hakuna aliyepanda ngazi wala aliyeuliza swali. Mambo ya lori tuliyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe.

Muhula ulipoanza, Mueni alifika nyumbani akiwa na furaha. Alikuwa amepewa dawati la nyuma pamoja na rafiki yake Kasyoki, na Mueni mwenyewe ndiye anayekaa upande wa ukuta. Kaloki akasukuma sahani kando. Akamwambia kesho amwombe mwalimu amhamishie mbele, karibu na mlango.

Kamanthe alishangaa. "Baba Mueni, kwani hiyo ukuta iko na nini?"

"Iko na unyevu. Mtoto atakohoa."

Mueni akatii. Kasyoki akasogea mahali pa mwenzake, ubavuni mwa ukuta.

Hapo ndipo hasira hunipanda. Mtu alijua hatari iko wapi, akamwondoa wake, akamwacha wa jirani. Tena si mtu mbaya, nanyi mnamjua. Angekuwa jambazi tungelala usingizi.

Novemba mvua ilikuja na upepo. Saa nne asubuhi paa likatikisika, linta ikakatika, na ukuta ule ukaangukia ndani. Walimu waliwatoa watoto kwa mikono. Wengi walikuwa na majeraha tu, wawili walivunjika miguu. Kasyoki alitolewa wa mwisho, naye alikuwa amekwisha kufa.

Kaloki alirudi kwa bodaboda kutoka Kathiani, kwenye ile kazi ya zahanati, na siku ya tatu akaenda matangani na mkewe na binti yake. Wathome, baba yake Kasyoki, alimshika Mueni kichwani mbele yetu sote.

"Wewe ndio mlikuwa mnakaa pamoja," alisema. "Mungu alikuchunga, mwanangu."

"Ni Baba alinichunga," Mueni akajibu. "Aliniambia nisikae kwa ukuta." Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, mbona hukumwambia Kasyoki pia?"

Kaloki alisimama akayasema yote: lori, nondo, Kathiani. Wathome hakumpiga. Alimwomba tu atoke bomani kwake.

Polisi walimkamata Kaloki siku iyo hiyo. Rodgers alipoitwa, alikuja na wakili, na picha ya nondo, na cheti chenye sahihi ya fundi anayethibitisha kwamba linta ni imara. Yeye alirudi nyumbani. Kaloki alihukumiwa kifungo. Kamanthe amehamia kwa wazazi wake, na kila mwezi huenda kumwona mumewe gerezani. Mueni hukataa kufuatana naye. Shuleni hukubali kusoma akiwa nje tu, na mwalimu amechoka kumbembeleza.

Funzo

Wazazi wenzangu, anayetia sahihi kwenye jengo la umma anawaahidi watoto wote, si wake peke yake. Ukijua kwamba ukuta ni mbovu, useme barazani, kanisani, sokoni, mpaka watu wakuchoke. Kumnong'onezea mtoto wako ni sawa na kumchagua wa mwenzako afe. Kazi ikiwapo ya kukunyamazisha, ikatae, hata kama sufuria iko tupu. Nanyi mlio kwenye kamati, pandeni ngazi kwa miguu yenu, na zege limwagwe mkiwa mmesimama pale.

Mimi sikupanda. Wathome bado hupita dukani kununua mbegu na kunijulia hali, nami humrudishia chenji nikiwa nimeinamisha kichwa.