Picha za Juu ya Milango

IJUMAA, KABLA YA ADHANA

Chumba cha nyuma, mtaa wa Batha, Riyadh, juu ya duka la mablanketi. Badawi, mkubwa wa genge, alichora sakafuni kwa mkaa: sebule, milango minne, juu ya kila mlango picha moja. Tajiri mwenye jumba alikuwa ameinunua sebule nzima ya kabaila wa Kifaransa wa zamani, mbao na dhahabu zake, akaileta Riyadh. Pesa za mafuta zilimlevya.

"Walinzi wakenda msikitini, tunaingia," Badawi alisema. "Ussi, we seremala, unazikata picha. Onyango usukani. Jeddah kuna Mzungu anangoja kuzinunua."

"Na Saleha?" Ussi aliuliza.

"Dada'ko anatufungulia jikoni, tunaondoka naye. Mzungu atampakia melini. Wallahi."

Ussi hakuwahi kuiba hata sindano. Lakini kafili, tajiri yuleyule aliyemwajiri Saleha utumishi wa ndani, alikuwa ameikalia pasi ya kusafiria ya mdogo wake huyo mwaka wa tatu sasa, na kila akiomba kwenda kwao, binti wa watu huambiwa bukra, kesho. Basi, liwalo na liwe.

ADHUHURI

Saleha aliwafungulia, buibui tayari mwilini, mikono imebabuka kwa sabuni. Wakapita stoo anamolala, kigodoro kando ya mitungi ya gesi. Kisha sebuleni.

Ussi alipanda ngazi, akainua macho. Astaghfirullah! Majimama yako uchi wa mnyama, mekundu kama nyama buchani, yamejilaza mawinguni, yanachezewa na vitoto vinene vyenye mbawa. Moja linamlisha zabibu nyani aliyevaa koti. Kumbe haya ndiyo wanayoyatazama wakinywa kahawa, na Saleha analala na gesi!

Akakata, uso kaukunja. Kila kitambaa cha picha alikiviringisha kama msala wa kuswalia, uchi ndani, mgongo nje. Hata mwizi ana haya zake.

"Yalla!" Badawi alimsukumia garini na mzigo wake, akarudi ndani. Akatoka peke yake. "Ondoa gari!"

"Saleha yuko wapi?"

"Karudi stoo kuchukua kibunda chake, nimemtilia komeo. Wakimkuta, watahangaika naye. Sisi tutakuwa mbali."

Ussi alimrukia. Mdomo wa bastola ukamkuta mbavuni.

"Huo ni ushenzi, Badawi," Onyango alisema huku akiondoa gari. Lakini hakukanyaga breki, na Ussi aliwachukia wote wawili, na nafsi yake pia.

JUMAMOSI, ALFAJIRI

Jeddah, ghala karibu na bandari. Mzungu alikunjua kitambaa cha kwanza. Rangi ikabanduka kama ukoko wa wali. Titi, ubawa, sikio la nyani, vyote sakafuni.

"Nani kaviringisha hivi?" Kiarabu chake kilitetemeka. "Rangi kuukuu huwekwa nje! Ikibanwa ndani inapasuka!"

Cha pili vilevile. Badawi alimgeukia Ussi. "Mshenzi we! Umetuua!" Akachomoa bastola. Onyango akamdaka mkono, wakaanguka pamoja.

"Toka, Ussi! Toka!"

Alikimbia mpaka kituo cha polisi cha lango la bandari. Askari wa zamu alikuwa anakunywa chai.

"Riyadh kuna mwanamke kafungiwa stoo tangu jana," Ussi alisema, akihema. "Watasema kaiba yeye. Nimeiba mimi."

Askari aliweka kikombe chini, akamtazama mkono wa kulia. "Unajua mwizi hufanywa nini hapa?"

"Najua. Piga simu kwanza, baba. Stoo ile haina dirisha."