Koti Moja, Zamu Mbili

Wenzangu wa Birmingham, mnajua mimi si mtu wa kuandika. Mimi ni Edah, Anti Edah kwa wengi wenu, nesi mstaafu, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa katibu wa kundi letu la kusaidiana. Mmezoea kuniona nikitangaza matanga, harusi na watoto waliozaliwa. Hii ya leo si tangazo. Nimeibeba tangu majira ya baridi na nimechoka nayo, na mama wa familia iliyoumia, Achieng, amenipa ruhusa niiseme.

Naanzia mlangoni kwao, hapa Sparkhill, nyumba mbili kutoka kwangu. Kila siku ya kazi, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Achieng na mume wake Walter walikuwa wanapokezana. Walter alikuwa anatoka zamu ya usiku kwenye ghala kule Washwood Heath. Achieng alikuwa anakwenda kuwahudumia wazee majumbani mwao. Walter akifika alimpokea binti yao Brigid, wa miaka minane, ampeleke shule. Naye alimpa Achieng koti. Zipu ya koti la Achieng ilikufa mwaka juzi, na kwa kuwa hawakuwahi kutoka nje pamoja isipokuwa Jumapili, hawakuona haja ya kununua lingine. Lile la Walter lilikuwa zito, halipenyi maji, na wawili hao wana kimo kimoja. Alilivua likiwa bado na joto lake, Achieng akalivaa, wakaambiana neno moja au mawili, basi. Nilikuwa nikiwatazama dirishani na kikombe changu cha chai nikasema hawa ndio watu wanaopendana.

Mambo yalianza kuharibika mwezi wa Novemba. Asubuhi moja Walter akitembea kutoka kazini kwenda kituo cha basi, vijana wawili walimzuia. Mmoja alikuwa na kisu. Walichukua simu na pete ya ndoa, na walipomaliza wakamwambia apige magoti ahesabu hadi mia moja. Alihesabu.

Hiyo ya magoti hakumwambia mtu. Alichoandika kwenye kundi letu la WhatsApp ni kwamba ameibiwa simu na hii ndiyo namba yake mpya. Na mimi, katibu wenu, ndiye niliyejibu wa kwanza. Niliandika: "Walter, jaluo mzima, unanyang'anywa na watoto wa shule? Tukutafutie bodigadi?" Mnakumbuka mlivyocheka. Picha za kucheka zilijaa skrini nzima, na Walter mwenyewe akatuma moja. Jumapili iliyofuata, kwenye chai baada ya ibada, nilimtania tena mbele ya watu, nikamwambia akae karibu na akina mama tumlinde. Alitabasamu akaenda kuosha vikombe.

Niwaulize jambo. Mwanaume aliyepigishwa magoti na watoto, halafu watu wake wakamcheka, ataenda kuongea na nani?

Walter alimpigia binamu yake Derrick, aliye Nairobi. Derrick ana biashara ya malori, na ana bastola yenye leseni ya serikali. Walter alikuwa amemwona nayo kwenye mazishi ya mjomba wao, shati limeinuka kidogo kiunoni, na akaona watu wanavyompisha njia. Derrick hakuwa na nia mbaya. Alimpa ndugu yake shauri lilelile ambalo angempa mtu wa Nairobi.

"Bro, usitafute kitu kikubwa," alimwambia. "Chukua kadogo, kale unaweka kwa mfuko na hakuna mtu atajua. Na si lazima kawe ka bei. Wewe unataka tu kufika nyumbani."

"Kwani huku wanaruhusu?" Walter aliuliza.

"Kila mahali kuna njia, bana."

Kuanzia hapo Walter aliingia kwenye video za Wamarekani wanaolinganisha bastola. Wakati wa mapumziko kazini alizitazama akiwa na sandwichi mkononi: ipi ni nyembamba, ipi haijitokezi chini ya shati, ipi ni ya mtu asiye na hela nyingi. Alilinganisha uzito na urefu jinsi mtu anavyochagua friji. Wale kwenye video walikuwa watu wa kwao, wenye sheria yao. Walter alikuwa ameketi Washwood Heath, na hapa Uingereza hakuna leseni ya bastola ya kujilinda, si kwa tajiri wala kwa maskini. Kukutwa nayo tu, kifungo huanzia miaka mitano. Ninyi mnaojaza fomu za viza kila mwaka, mnajua maana yake.

Damien, mwenzetu kutoka Bukavu, alikuwa akifanya naye kazi zamu moja. Siku moja aliona kile kilichokuwa kwenye ile simu.

"Walter, unaangaliaka nini hiyo?"

"Naangalia tu."

"Mie nilikimbia kwetu juu ya hiyo kitu," Damien alisema. "Kila mutu alikuwaka na yake. Haikulinda mutu, vraiment, kweli kabisa. Uniambie, nani anakuogopesha?"

Walter akasema hakuna, akaizima simu. Damien ananiambia mpaka leo anajuta kwamba hakuuliza mara ya pili. Namwambia angalau yeye aliuliza mara moja.

Ile bastola ilivyomfikia sitasema, maana sitaki mtu ajifunze kutoka kwangu. Nitasema tu kwamba ilikuwa ndogo na ya bei rahisi kama alivyotaka. Baadaye mahakamani mtaalamu alieleza kwamba ilikuwa imechokonolewa na fundi wa kubahatisha, na kwamba kama Walter angeifyatua huenda ingemlipukia mkononi. Kwa wiki sita aliibeba kwenye mfuko wa ndani wa lile koti. Nilimuuliza baadaye kama ilimpa usingizi. Aliniambia tangu aipate hakulala hata siku moja vizuri, alikuwa anaogopa wale vijana na anaiogopa na yenyewe.

Alikuwa na utaratibu wake. Akifika nyumbani alipitiliza chooni kwanza, anaitoa, anaificha nyuma ya tangi la maji, ndipo anarudi mlangoni kumpa mkewe koti. Achieng alifikiri tumbo linamsumbua. Alimnunulia hata dawa.

Sasa ikaja Jumanne moja ya Februari, siku ya mapipa ya taka. Mvua ilikuwa inanyesha ile inayopiga kwa upande. Basi la Walter lilikwama kwenye foleni ya Stratford Road, akachelewa robo saa. Achieng alikuwa ameshatoka nje, yuko kando ya gari na funguo mkononi, amelowa mabega. Brigid alisimama mlangoni na soksi tu miguuni. Mimi nilikuwa kwenye geti langu na pipa langu.

"Daddy's late," Brigid aliniambia, kana kwamba sioni.

Walter alikuja akikimbia. Achieng akamfuata, akanyoosha mkono kwenye kola kama kawaida yake.

"Lete koti, Baba Brigid, nimechelewa."

"Ngoja niingie kidogo."

"Uingie wapi? Mzee Navnit hajanywa dawa yake, na hapo ni lazima nifike saa moja na nusu."

"Dakika mbili tu, Achieng."

Walter alikuwa ameshika kola kwa mikono miwili. Niliona vizuri, nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema jambo. Miaka thelathini wodini nimeona nyuso za namna hiyo na nilijua la kufanya: unavuta kiti, unakaa, unasubiri. Badala yake nilifungua mdomo wangu huu.

"Walter, mwachie mama koti," nilisema. "Au umeficha barua ya mwanamke mfukoni?"

Achieng akacheka. Walter alinitazama, akamtazama mkewe, na akaiachia kola. Achieng akavaa, akaingia kwenye gari, akaenda. Nami nikasukuma pipa langu hadi ukingoni mwa barabara nikarudi kwenye chai.

Walter alimpigia simu mara kumi na nne. Lakini Achieng akiwa kazini simu hukaa ndani ya mkoba, ndiyo sheria ya kampuni, na anuani za wazee ni siri ambayo hata mumewe hamwambii. Hakuwa na pa kumfuata. Alimpeleka Brigid shule, akarudi, akakaa kwenye ngazi.

Kwa Mzee Navnit, Achieng alivua koti lililolowa akalitundika kwenye kiti cha jikoni karibu na joto likauke. Mzee Navnit ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, na huongea naye Kiswahili kila asubuhi, ndicho kinachomfanya akubali kumeza dawa. Achieng alikuwa anakoroga uji. Koti likateleza, na kitu kikagonga sakafu.

"Binti," mzee aliuliza, "hiyo nini imeanguka?"

Achieng alifikiri ni mwanasesere wa Brigid. Alipoinama akaona si mwanasesere. Alimsogeza mzee na kiti chake cha magurudumu hadi chumba kingine, akafunga mlango wa jikoni, akapiga simu ofisini kwao kama alivyofundishwa. Alisema: "Kuna bastola hapa. Imetoka kwenye koti nililovaa. Sijui imefikaje." Hakusema koti ni la nani. Hata wakati ule alikuwa anafikiria namna ya kutomtaja mumewe.

Polisi wenye silaha walijaza ile barabara. Majirani wa Mzee Navnit walimwona mhudumu wake akitolewa na pingu, na sare yake ya kazi ikiwa bado na uji kifuani, na koti likichukuliwa kama ushahidi.

Saa tatu na nusu Walter aligonga kwangu. Ofisi ya Achieng ilikuwa imempigia. Hakuwa na koti, shati limemgandia mwilini. Alinieleza yote akiwa amesimama, magoti, kuhesabu hadi mia, video, mpaka koti. Kisha akampigia Derrick, akamwambia yuko kwangu, akaiweka simu mezani ili nami nisikie.

"Wewe nyamaza kabisa," Derrick alisema. "Achieng ni mama, hana rekodi, watamwachilia tu. Ukienda huko umejimaliza. Si ni ukweli, Anti?"

Wote wawili walikuwa wananingoja mimi. Viza ya familia nzima ilikuwa ya Achieng. Akipatikana na hatia, wote watatu wanaondoka, na yeye anaondoka baada ya jela. Walter akisema, anaingia yeye. Nilikaa kwenye kiti changu, na niwaambie ukweli, nilitamani mtu mwingine awe katibu.

"Achieng atawaambia hajui," nilisema. "Nani atamwamini, kama anayejua amenyamaza?"

Derrick alianza kusema kitu. Walter akaikata simu. Nilimpa sweta ya marehemu mume wangu, nikampeleka kituo cha polisi kwa gari langu. Njiani alisema jambo moja tu, kwamba Brigid anatoka shule saa tisa na robo na ana mazoezi ya kuogelea.

Alikiri yote. Alipewa miaka mitano, na akimaliza huenda serikali ikamrudisha Kenya bila wao. Achieng alikaa siku mbili mikononi mwa polisi, kisha miezi minne nyumbani akisubiri barua ya polisi. Kazi ilimsimamisha. Kama kampuni ingeondoa udhamini wa viza yake angekuwa na siku sitini tu za kutafuta mwajiri mwingine, na nani angemchukua? Aliyemshikilia ni Mzee Navnit. Alimwandikisha binti yake barua kwa kampuni, kwamba wamrudishie mtoto wa Kisumu, na kwamba hatakunywa dawa kwa mkono mwingine. Hakunywa kweli, siku tatu, hadi daktari akaitwa. Barua ya polisi ilipokuja kusema Achieng hana kosa, alirudi kazini wiki iliyofuata.

Funzo

Mnapenda niandike funzo, basi ni hili. Kile Walter alichokitafuta ni kidogo kiasi cha kutoonekana, na hakuna mtu aliyekiona mpaka kilipoangukia miguuni pa mkewe. Ukileta silaha nyumbani, nyumba nzima imeibeba, hata aliye na soksi mlangoni. Usichukue shauri la Nairobi wala la Marekani ukaliishi Birmingham. Uliza sheria ya unapolala. Na ukiwa na hofu, iseme, kwa polisi, kwa mchungaji, kwa mkeo, hata ukiona aibu.

Hilo ni funzo la akina Walter. Langu na lenu ni jingine. Mtu wetu alituambia ameumizwa, tukamcheka, mimi nikiongoza. Tungemuuliza swali moja tu la maana Novemba, nadhani Februari ingetupita salama. Nimeufuta ule ujumbe wangu lakini najua bado mnao.

Siku hizi naamka saa kumi na mbili, na saa moja kasoro dakika kumi niko mlangoni kwa Achieng kumpokea Brigid. Ananikabidhi mtoto na mkoba wa shule. Nimezeeka, goti linauma, na yeye hasemi sana. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Walter gerezani. Nilimwomba msamaha, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Yeye akauliza tu, "Anti, Achieng amepata koti?"

Nilimwambia amepata.