Kompyuta Iliyofunikwa Ikiwaka

Kila siku akitoka shule, Herieth alikuwa na kazi tatu kabla ya jambo jingine lolote. Kwanza, kugeuza kahawa ya Bibi iliyoanikwa kwenye chekeche nyuma ya nyumba, akiipitishia vidole taratibu na kutoa punje nyeusi. Pili, kufagia sebule. Tatu, kukung'uta vitambaa.

Vitambaa vilikuwa vingi. Bibi Mektilda alikuwa hodari wa kudarizi, na katika nyumba yake pale Mbinga mjini hapakuwa na kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, chupa ya chai na chake, na kila kiti kilikuwa na kikubwa cha mgongoni na viwili vidogo vya mikononi. Hata ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na chake, kimeshonewa shanga pembeni ili upepo usikipeperushe. Kitambaa kizuri kuliko vyote, cheupe, chenye matawi ya mkahawa kwa uzi wa kijani na buni nyekundu, kilikaa juu ya kompyuta ya Herieth.

Kompyuta hiyo haikutoka dukani. Ilijengwa na Mjomba Tadei, mtoto wa mwisho wa Bibi, fundi redio mwenye banda karibu na stendi. Mama yake Herieth aliishi Mbamba Bay, akiuza usipa mkavu, wale samaki wadogo wa ziwani, naye Herieth alikaa kwa Bibi ili asome. Alipofika darasa la tano alianza kupotelea kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko. Alisimama kutwa akitazama wenzake wakicheza, na hela ya maandazi ikaishia huko. Bibi alipopata habari alitaka kumrudisha ziwani. Mjomba Tadei ndiye aliyemtetea.

"Mama, ukimkataza gemu ataifuata huko huko. Acha nimjengee kompyuta yake, acheze mbele ya macho yako."

"Utaijenga kwa kitu gani?"

"Kwa mabaki."

Na kweli ilikuwa ya mabaki. Kasha lilitoka kwenye ofisi ya kupiga chapa iliyofungwa. Lilikuwa na kutu pembeni, Mjomba akalipaka rangi ya bluu iliyobaki alipopaka mlango. Mazabodi, yaani ule ubao mkuu ambao vifaa vingine vyote huchomekwa, ulikuja kutoka Songea umeviringishwa gazeti. Pawa saplai, kifaa cha kuipa mashine umeme, Mjomba aliikuta imekufa akaifufua mwenyewe. Ramu, kifaa cha kumbukumbu, ilinunuliwa kwa kahawa ambayo Herieth aliichuma kwa mikono yake msimu mzima, nyekundu tupu, bila kuchanganya mbichi. Kioo alikituma mama kwa lori la samaki, na kwa mwezi mzima kila kilipopata joto sebule ilinuka usipa.

Kifaa cha mwisho kilikuwa kadi ya picha, ndogo kama daftari, yenye feni yake yenyewe. "Bila hii utaandika barua tu," alisema Mjomba. "Gari la gemu halitatoka hata geti."

Bibi aliinama akachungulia ndani ya kasha. "Mbona feni tatu? Kwani ina homa?"

"Inapata homa kweli, mama. Ukiandika inapata joto kidogo. Ukicheza gemu inachemka. Hewa ya moto inatokea hapa juu na hapa nyuma." Akamgeukia Herieth. "Sheria ni moja. Ukimaliza, zima. Ngoja feni zote zinyamaze. Ndipo ufunike kitambaa cha bibi yako. Rudia."

"Nizime, feni zinyamaze, nifunike."

"Na gemu ni baada ya kazi," aliongeza Bibi. "Kahawa kwanza."

Mashine ilipowaka, habari zilienea. Mwalimu Placidi, mwalimu mkuu wa shule ya Herieth, alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akaibonyeza bonyeza. Kabla hajaondoka alimwuliza Mjomba kama angeweza kuijengea shule mashine tatu za namna hiyo. Tangu siku hiyo Mjomba Tadei alianza kutembea tofauti. Miaka yote watu walimwona fundi wa kuchomelea waya za redio tu. Sasa kamati ya shule ilikuwa inamngoja, na Jumatatu ya wiki iliyofuata alitakiwa kwenda kutia sahihi.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, Bibi alikwenda kwenye sala ya jumuiya. Ilikuwa Julai, ukungu haujaondoka hadi saa tano, na baridi ya Mbinga ilikuwa imemlaza mbwa jikoni. Herieth aliangalia chekeche za kahawa dirishani. Akasema moyoni kwamba atacheza raundi moja tu. Zikawa sita.

Gari lake lilikuwa la pili kutoka mbele aliposikia sauti ya Bibi uani, tena si peke yake. Kahawa ilikuwa haijaguswa. Herieth alizima kioo, akavuta kitambaa juu ya kasha, akakisawazisha pembe nne, akasimama katikati ya sebule na ufagio. Kasha lilikuwa bado linafanya kazi chini ya kitambaa. Kwa baridi hii, aliwaza, haiwezi kupata joto. Wageni wakiondoka nitaizima.

Wageni hawakuondoka. Mama Gertruda na mwenzake walikaa vitini, wakaomba chai, wakaanza habari za harusi iliyofanyika Litembo. Herieth alimimina chai huku sikio lake likiwa pembeni, kwenye mvumo mdogo ambao yeye peke yake aliujua. Angefunua tu, kila mtu angejua alikuwa akicheza. Hakufunua.

Mama Gertruda alinusa hewa. "Mektilda, umeinjika maharage?"

"Sijainjika kitu. Herieth, hebu angalia jikoni."

Herieth alikwenda jikoni. Alifunua sufuria ambayo alijua haiko motoni, akaifunika, akarudi. "Hakuna kinachoungua, Bibi."

Punde ikasikika *tap*, kama punje ya hindi kwenye kikaango, na mvumo ukakatika. Wanawake walitazama bati juu, kisha wakarudi kwenye harusi.

Walipoondoka, Herieth alifunua. Katikati ya kitambaa, pale kilipolalia matundu ya hewa, palikuwa na doa la kahawia kubwa kama kisosi, na tawi moja la mkahawa lilikuwa limekauka kama la kweli. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akakunja kitambaa mara nne, akakisukuma chini ya godoro lake.

Jioni Mjomba alifungua kasha kwa bisibisi. Aliinamisha kichwa akanusa, akatoa kadi ya picha, akaigeuza geuza mkononi.

"Imeungua," alisema. "Ulifunika ikiwa inawaka?"

Swali lilikuja wazi, bila ukali. Ungekuwa wakati mzuri wa kusema.

"Hapana, Mjomba."

Akamtazama kidogo, akaamini. Hilo ndilo lililomchoma Herieth, kwamba aliamini upesi hivyo. "Basi ni mimi," alisema Mjomba. "Ni ile pawa saplai niliyoifufua. Nilijidanganya kwamba naiweza."

Jumapili baada ya misa, fundi mwingine wa stendi, Methodi, aliwakuta nje ya kanisa. "Tadei, nasikia mashine yako inakaanga," alisema, na watu walikuwepo. "Shule wakikupa kazi, waambie walete na viazi."

Watu walicheka. Mjomba naye alijaribu kucheka. Herieth alitazama viatu vyake.

Nyumbani Bibi alipita mkono juu ya kasha la bluu. "Kitambaa kiko wapi?"

"Nimekifua, Bibi."

"Kwenye kamba sijakiona." Bibi alisema hivyo tu, akaenda zake kuchambua maharage.

Wakati wa chakula cha mchana Mjomba aliweka tonge chini. "Herieth mwanangu, unisamehe. Ulichuma kahawa msimu mzima ukapata ramu yako, nami nikakuunganishia kitu kibovu. Kesho nitamwambia Mwalimu Placidi kazi ya shule siiwezi. Kama nimeunguza ya mpwa wangu, nitaunguza na za watoto wa watu."

Herieth aliacha kula. Mtu mzima, mjomba wake, anamwomba msamaha yeye. Alitaka sakafu ipasuke. Akavuta kikombe, akanywa maji. Mjomba alidhani anaihuzunikia kompyuta, akamsogezea kipande chake cha samaki.

Jumatatu saa nne, wakati wa mapumziko, Herieth alimwona Mjomba akiingia getini. Alikuwa amevaa shati jeupe la harusini, limepigwa pasi, na mkononi alikuwa na barua. Rafiki yake Vitalia alimvuta kwenye kamba, "Zamu yako kuruka," lakini Herieth hakusikia. Alimtazama Mjomba akipiga hodi ofisini kwa mwalimu mkuu, akivua kofia kabla hajaitikiwa, na miguu yake ikaanza kwenda yenyewe.

Mlango ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa ameshaiweka barua mezani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Herieth.

"Marahaba. Unataka nini? Tuna mazungumzo."

"Mjomba hakuiunguza, Mwalimu. Mimi ndiye niliyeiunguza."

Alisema akitazama mguu wa meza. Alisema kila kitu kwa mpangilio: raundi sita, kahawa haijageuzwa, sauti ya Bibi, kitambaa, chai, sufuria ya uongo, godoro. Uso ulimwaka hadi masikio yakavuma. Alipomaliza, nje watoto wakasikika wakihesabu miruko.

"Nilipokuuliza Jumamosi," alisema Mjomba polepole, "ulinijibuje?"

"Nilisema hapana."

"Na jana nilipokuomba msamaha?"

"Nilinyamaza." Machozi yakaanza kumtoka. "Nisamehe, Mjomba."

Mjomba aligeukia meza. Alichukua barua mezani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. "Mwalimu, nipe siku mbili. Nitaipima ile pawa saplai tena, nikuletee jibu la kweli. Nilikuwa nakuletea jibu la uongo bila kujua."

"Siku mbili utapata," alisema Mwalimu Placidi. Kisha akamtazama Herieth. "Rudi darasani. Uso kaunawe bombani kwanza."

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akiwa na kitambaa mkononi, akaeleza tena yote. Kusema mara ya pili hakukuwa rahisi kuliko mara ya kwanza. Bibi alisikiliza bila kuacha kuchambua kahawa.

"Doa nililiona Jumamosi ile ile nilipotandika kitanda chako," alisema Herieth alipomaliza.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilikungoja. Lakini usidhani ningemwacha mwanangu aaibike kwa ajili yako. Leo saa nne nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda shuleni. Nikakutana na Tadei hapo njiani anarudi, akaniambia umeshasema. Nikavua." Akatoa punje nyeusi, akaitupa. "Sasa bado Methodi. Alimcheka mjomba wako mbele ya watu kwa sababu yako. Nenda ukamwambie, tena mbele ya watu."

Safari ya stendi haikuwa ndefu, lakini Herieth aliiona ndefu kuliko barabara ya Mbamba Bay. Kwenye banda la Methodi walikuwepo wanaume wanne na muuza karanga mmoja. Aliwaamkia wote. Akasema kompyuta iliungua kwa sababu yeye aliifunika ikiwa inawaka, na alikuwa ameonywa.

"Kwa hiyo Tadei hakukosea?" aliuliza Methodi.

"Hakukosea. Nilikosea mimi, halafu nikadanganya."

Mmoja wa wanaume alianza kucheka, Methodi akamnyamazisha kwa mkono. "Haya," alisema. "Nitamwona mwenyewe leo, tuyamalize."

Siku ya pili Mjomba aliwasha mashine ikiwa imetolewa kadi ya picha. Feni mbili zilizobaki zikazunguka, kioo kikawaka. Pawa saplai ilikuwa nzima kabisa, haikuwa na kosa tangu mwanzo. Gemu ya magari haikuwezekana tena, mpaka kahawa ya msimu mwingine, lakini herufi zilikuwa safi. Jumatano Mjomba alitia sahihi kwenye karatasi za shule.

Jioni hiyo alimwita Herieth bandani. Juu ya meza palikuwa na makasha matatu ya zamani yaliyojaa vumbi. Akampa brashi ya kupakia rangi, mpya.

"Kila siku baada ya kahawa utakuja hapa mpaka mashine za shule ziishe. Anza kufuta vumbi kwenye feni."

Herieth alipokea brashi kwa mikono miwili. "Bado umenikasirikia, Mjomba?"

"Kidogo. Itaisha." Alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Sikiliza. Mimi fundi, vitu kuungua nimezoea, kila siku naletewa vilivyoungua. Kitu kinachomshinda fundi ni mtu asiyemwambia kimeunguaje. Ulipodanganya, ulinipeleka kwenye pawa saplai nzima. Ningeivunja ile nzima na kuacha ugonjwa ulipo. Hata mashine za shule ningeziacha, kwa kosa ambalo sikufanya. Ukiharibu kitu, njoo useme siku hiyo hiyo, hata kama unaona aibu, hata kama sauti haitoki. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Ile ya kunyamaza umeibeba siku tatu, nimekuona mwenyewe hukuweza kula."

"Ndiyo, Mjomba."

"Haya. Brashi taratibu, usivunje mapanga ya feni."

Herieth aliinama juu ya kasha la kwanza. Baada ya muda kidogo kikasikika kitu kikikatika, kidogo sana. Alikaa akikitazama kile kipande cheusi cha plastiki mkononi, na uso ukaanza kumpata joto. Kisha akageuka.

"Mjomba," alisema, "nimevunja panga moja."

Mjomba Tadei alinyoosha mkono. "Lete tulione."