Kipande cha Maruni Ukutani

"Mama, kile kipande nani kakitundika pale?"

Wankyo aliuliza huku nyuzi nyeupe za mtoto zikiwa bado mkononi. Alikuja Musoma kutoka Mwanza kwa sababu dada yake Gloria alijifungua juzi pale Bweri, na mtoto anahitaji kofia na soksi. Ndivyo alivyojidanganya, maana nyuzi hata Mwanza zipo.

Miaka saba hakuwa amekanyaga duka la Mama Jenipher, na duka lilikuwa lile lile. Benchi mbili, chupa ya chai, nyuzi zimepangwa rangi kwa rangi mpaka darini, na akina mama wanne wanafuma huku wakisengenya taratibu. Walimsogezea nafasi kabla hajajieleza, kama zamani. Harufu ya nyuzi mpya ilimpanda, akajikuta anataka kulia bila sababu.

"Si wewe mwenyewe," Mama Jenipher alijibu akimimina chai. "Ulikuwa unajaribia ule mtindo wako wa kufuma, wa mgongo wa samaki, kabla ya kumfumia Mseti sweta. Ukakisahau hapa. Nikakitundika, na unajua mambo ya humu, kilichopo ukutani ni cha wote. Watu wanakiigaga mpaka leo."

Wankyo alishusha kikombe.

"Wa kwanza kukiiga alikuwa nani?"

"Agness wa Kabasa, kule Bunda. Wiki ile ile. Na uzi wa maruni alichukua huo huo, si tulikuwaga na gunia zima?"

"Mwembamba hivi, ana mwanya?"

"Huyo huyo. Ulimwona wapi?"

Alimwona stendi ya Bunda miaka saba nyuma, yeye akiwa ndani ya basi la Mwanza. Siku hizo Mseti, mchumba wake, alikuwa fundi wa mashine hapo Bunda, na sweta lenyewe Wankyo alikuwa amempa mwezi mmoja tu nyuma. Mtindo ule aliutunga kwa kichwa chake, hapakuwa na mwingine duniani. Sasa anauona mwilini mwa msichana anayecheka na kununua karanga. Hakushuka, hakuuliza. Alituma meseji moja: "Sweta langu nimeliona lilipo. Usinitafute tena." Kisha akavunja laini.

"Mama, kwani Agness na Mseti..."

"Agness hamjui Mseti hata kwa sura. Mseti alikuja hapa, kalivaa sweta lake, akanionyesha meseji yako. Akaniuliza, mama, sweta si hili hapa mwilini, yeye kaliona wapi? Agness hata sikumfikiria, mwanangu."

Wankyo alijichukia.

"Ameoa?"

"Namba yake hii hapa. Safari hii muulize mwenyewe."

Wankyo alipiga, akaweka spika, simu ikaita mara nne.

"Haloo."

"Mseti. Ni mimi, Wankyo."

Upande wa pili mashine fulani ilizimwa.

"Wankyo wa kwa Mama Jenipher?"

"Nipo dukani kwake. Lile sweta nililoliona halikuwa lako. Kuna dada aliiga kipande changu hapa ukutani. Sikukuuliza, Mseti. Nisamehe."

"Miaka saba, Wankyo."

"Najua."

"Nilikuwaga nakupigia kila jioni, namba haipatikani. Mzee wangu alishatenga ng'ombe wa mahari yako. Akataka awapeleke kwa watu wengine, nikakataa. Huku Butiama wananiona nimerogwa."

"Kwa hiyo hujaoa."

"Ningeoa, ningekaa nakueleza habari za ng'ombe?"

Mmoja wa akina mama alicheka, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Sweta bado unalo?" Wankyo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kiwiko kimetoboka. Mafundi cherehani wa huku wanataka kulitia kiraka cha kitambaa. Nimewakatalia."

"Lilete."

"Lini?"

"Leo. Duka linafungwa saa kumi na mbili."

Saa tisa pikipiki ilisimama mlangoni. Mseti aliingia na vumbi lake, mvi mbili tatu kichwani, na joto lote lile kavaa sweta.

"Vua," Wankyo alisema.

Alivua. Wankyo aliingiza vidole kwenye tundu la kiwiko, akatazama nyuzi za rafuni. Maruni zilikuwepo, lakini hakuna iliyofanana na ya mwaka ule.

Mama Jenipher alipanda kwenye stuli, akang'oa msumari, akamwekea kile kipande mapajani. Wankyo akashika ncha, akaanza kukifumua.

"Sasa sisi tutaigia wapi?" mama mmoja alilalamika.

"Mmeiga vya kutosha."

Akina mama wakasogea, Mseti akakaa kando yake, akishika uzi uliokuwa unatoka ili usifungane. Walifanya hivyo zamani kwenye benchi hiyo hiyo, na mikono yao haikuwa imesahau. Kiwiko kilipokaribia kuzibika, Wankyo aliuliza bila kuinua uso:

"Wale ng'ombe, mzee bado anao?"

"Anao. Ila wamezaana."

"Basi mwambie asiwapunguze."