Lami ya Gari la Tatu

"Bibi amewasha mshumaa."

Maneno matatu tu, kisha simu ikakatika.

Blanka Vrbová aliirudisha Nokia yake mfukoni, ikalala kando ya mshumaa halisi, mfupi, mwekundu, aliokuwa ameununua asubuhi. Ilikuwa ishara ya Idara ya ujasusi: amri ilikuwa imetoka. Lori la mnunuzi lingefika saa sita kamili mchana, lipakie magari matatu, na kabla ya kahawa ya alasiri liwe limevuka mpaka.

Alikuwa na dakika arobaini.

Ilikuwa tarehe mbili Novemba, Siku ya Wafu. Tangu alfajiri Ostrava nzima ilikuwa ikimiminika makaburini na maua na mishumaa. Blanka naye alinunua mshumaa kila mwaka. Kila mwaka alirudi nao nyumbani bila kuuwasha.

Hakuwa na kaburi la kuuweka.

Baba yake, Otakar Vrba, alikuwa fundi wa sakafu katika kiwanda cha magari ya Moravan; alizipaka lami zisishike kutu. Polisi wa siri walimchukua vuli ya 1984, Blanka akiwa na miaka tisa. Walimwingiza katika Moravan jeusi. Blanka alichomoa kufuli la banda la sungura na kulirusha kwa nguvu zake zote. Liligonga mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Gari halikusimama.

Miaka ishirini na mitano sasa. Kazini walimwita Sungura. Jina hilo alilichagua mwenyewe.

Aliusukuma mlango wa karakana kama mkaguzi bandia wa bima.

"Karibu, mtaalamu!" Bohuslav Krejza alinyoosha mkono. Mzee wa miaka sitini na kitu, koti jeupe, kucha safi kama za padri. "Kampuni ya bima imeniletea mrembo. Nilitegemea kibabu chenye miwani."

"Kibabu kinaumwa mgongo. Magari yako wapi?"

Yalikuwa matatu, yamepangwa chini ya taa. Marefu, meusi, yanameremeta kama maji ya kisimani. Magari ya Moravan, ya wakubwa wa zamani. Pembeni, juu ya kiti cha kukunja, alikaa mnunuzi aitwaye Falk. Idara ilimjua kwa pasi tatu na majina manne.

Ndani ya gari moja kulikuwa na filamu ndogo ndogo za daftari la wapasha habari wa polisi wa siri wa zamani. Watu waliowachongea jirani zao, na leo baadhi yao ni majaji, madaktari, wabunge. Serikali ya Falk ilitaka kuwashika shingo mmoja mmoja.

Lakini gari lipi?

Jaji alitoa kibali cha kupasua moja tu. Ukikosea, wakili wa Krejza anasimamisha kila kitu, na mengine mawili yanaondoka.

Blanka alifungua sanduku lake. Lenzi. Msasa laini kama hariri. Kisu cha daktari. Mwiko mdogo wa chuma. Bunduki ya hewa moto, ya Bosch. Na kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, ambacho ukikibandika kwenye bati kinakutajia namba.

"Pima, mama, pima," alisema Krejza. "Rangi ya kiwandani yote. Mimi mwenyewe nilisimama miaka kumi kwenye mstari wa sakafu pale Moravan."

"Miaka kumi?"

"Mgongo huu unauona? Lami ya kiwanda ndiyo iliyoupinda."

Blanka aliutazama. Ulikuwa umenyooka kama mlingoti.

Gari la kwanza. Mlango: mikroni mia na kumi, unene wa unywele. Boneti: mia na kumi na tano. Aliinua zulia la mbele. Watu hupiga rangi milango wanavyotaka, lakini nani huinua zulia? Alisugua kipande kidogo kama ukucha. Lami nyeusi, chini yake rangi ya msingi nyekundu. Kifaa kikasema: milimita moja.

Harufu ya ile lami ilimpanda puani, akaganda.

Ilikuwa harufu ya mikono ya baba yake. Kwa sekunde moja alihisi kuna mtu amechutama nyuma yake, anapumua taratibu, anasubiri namba kama yeye.

Aligeuka. Hakukuwa na mtu.

Gari la pili. Sakafu ya mbele: milimita moja. Boneti, sawa. Mlango wa nyuma, kushoto.

Mia na ishirini. Mia na ishirini.

Mia tisa.

Aliusogeza mkono. Mia tisa na hamsini. Pati ya kuzibia bati. Mtu aliziba shimo, akapiga rangi juu yake. Shimo lenye ukubwa wa kufuli.

"Kuna nini hapo?" aliuliza Falk.

"Vumbi," alisema Blanka.

Gari la tatu. Mlango safi, boneti safi. Sakafu?

Milimita tatu.

"Umeona lile!" Krejza alipiga paja. "Mengine yalipakwa ovyo ovyo, lile lilipigwa na fundi wa kweli. Kitabu cha kiwanda, ukurasa wa arobaini: mikono mitatu ya lami, tabaka juu ya tabaka, milimita tatu. Sijaigusa sakafu hiyo."

Kwenye kifaa cha sikioni, sauti ya Kanali Janda, mkuu wake, ilikwaruza. "Sungura. Lori liko kwenye mzunguko. Gari lipi?"

Blanka alitazama gari la pili. Ule mlango wa nyuma. Alitaka kuupasua, aingie, akae pale alipokaa Otakar. Kibali kilikuwa kimoja.

"Sungura!"

"Moyo unasema la pili, Mkuu," alinong'ona. "Lami inasema la tatu."

"Mimi nafuata kipi?"

"Lami."

Aliwasha bunduki ya hewa moto.

"We! Unafanya nini?" Krejza aliruka.

"Naonyesha kibali cha mahakama." Karatasi ilitua kwenye boneti. "Kitabu kinasema mikono mitatu, ni kweli. Lakini hakuna Moravan lililowahi kupata mitatu. Lilipata mmoja. Ile miwili ilitoka getini ndani ya mitungi ya maziwa, ikapakwa kwenye mapaa ya mabanda ya sungura bonde zima. Asiyeiibia serikali anaiibia familia yake. Hukusikia msemo huo, Bwana Krejza? Miaka kumi kwenye mstari?"

Krejza alipiga hatua moja nyuma.

"Kila fundi alijua. Asiyejua ni yule aliyeamini kila kilichoandikwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaandikia polisi wa siri ripoti."

Lami iliyeyuka. Kisu kikazama, mwiko ukazoa. Mrija wa kwanza wa alumini ukatokeza, mwembamba kama kalamu. Wa pili. Wa tano.

Falk aliinuka. Mkono wake ulitoka kotini na Glock.

Blanka alirusha mwiko. Tonge la lami inayochemka lilimpata kiganjani. Bastola ilianguka. Falk alipiga yowe. CZ ya Blanka, bastola yake ya kazini, ilikuwa tayari imemwelekea kifuani.

"Kaa chini. Kiti chako bado kina joto."

Askari waliingia kwa milango miwili. Pingu zikalia. Nje, lori lilifunga breki mbele ya magari ya polisi.

Krejza alipopitishwa, alisimama. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Blanka, ambao bila yeye kujua ulikuwa umelala juu ya mlango wa gari la pili.

"Kufuli," alisema Krejza polepole. "Ni wewe uliyerusha kufuli. Pati hiyo niliipaka kwa mikono yangu."

Blanka hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za kufuli.

"Mlimpeleka wapi?"

Krejza alitabasamu. "Tafuta kwenye karatasi."

Wakamtoa.

Kanali Janda aliingia akipangusa miwani. Aliitazama mirija, kisha akamtazama Blanka. "Jaji amepiga simu. Kibali sasa ni cha yote matatu. Fungua."

Blanka aliingia kiti cha nyuma cha gari la pili. Alikaa. Harufu ile. Pumzi ile, karibu sana na shingo yake.

Aliinua zulia lililokuwa chini ya miguu yake.

Herufi zilikuwa zimekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, kwa haraka, na fundi aliyejua kwamba pale lami ilipigwa mkono mmoja tu. Ingekuwa mitatu, ncha isingefika chini. Ilifika kwenye rangi ya msingi, na maneno yakatoka mekundu.

ZADNÍ DŮL. GETINI. O. VRBA.

Machimbo ya zamani, nyuma ya kilima. Robo saa kwa gari. Polisi wa siri walipokuwa wakitafuta ufunguo wa geti, Otakar alikuwa akiandika. Krejza aliling'arisha gari lile miaka yote hiyo, asiinue zulia hata siku moja.

Blanka alilirudisha zulia taratibu, kama anayefunika mtu aliyelala. Akashuka.

"Ripoti?" aliuliza Janda.

"Kesho, Mkuu. Leo waite watu wa kufukua, waje Zadní Důl."

"Na wewe?"

"Natangulia."

Alipita katikati ya askari bila haraka, akawasha Octavia yake, akaingia barabarani. Njia nzima watu walibeba maua.

Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye usukani. Mwingine ulikuwa mfukoni, umeshika mshumaa.