Panya Mzazi na Njugumawe za Mbegu

Kila asubuhi Edvina alifagia ua, akachemsha uji, kisha akamwamsha kuku mmoja aliyependa usingizi kuliko binadamu. Hizo ndizo kelele zote za nyumbani kwa babu yake, Mzee Rutaihwa wa Izimbya. Tangu bibi afariki, babu aliongea kwa shida. Kimya kilizidi kiasi kwamba mapovu ya uji yakipasuka, ungedhani mgeni anabisha hodi. Mama yake Edvina alifanya kazi Mwanza na alipiga simu mara chache.

Mtoto pekee aliyefika pale alikuwa Privatus, jirani aliyesoma naye darasa la tano. Alimsaidia babu kuchota maji, na mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Edvina, kuku wenu amenuna kama mwalimu wa zamu!" alisema, na Edvina akacheka mpaka mbavu zikauma. Akishaondoka, kimya kilirudi.

Jioni moja Edvina aliingia ghalani kuchukua maharage. Ndani ya tenga kuukuu akasikia milio myembamba. Panya alikuwa amelala juu ya majani makavu, akinyonyesha vitoto vyekundu visivyo na manyoya. Hakukimbia. Alimtazama tu.

"Na wewe huna wa kuongea naye?" Edvina akanong'ona.

Tangu hapo, kila alipotoka shule alimpelekea kiporo cha ndizi na maji. Alimsimulia mambo ya shuleni, na kwa masikio yale makubwa, aliona Bukoba nzima haina msikilizaji bora. Maganda ya njugumawe yaliyotapakaa pale aliyaona, lakini akayasukuma pembeni kwa mguu.

Mvua za kupandia zilipoanza, babu aliingia ghalani, akafunua kikapu cha mbegu. Njugumawe zilikuwa zimebaki chache.

"Edvina! Humu kuna panya?"

"Hakuna, babu."

"Basi ni yule rafiki yako mwenye mdomo. Hakuna mwingine anayefika hapa."

Privatus alipofika na ndoo kichwani, babu alimzuia njiani. "Rudi kwenu. Mwizi wa mbegu simtaki kwenye kibanja changu."

"Ta Rutaihwa," Privatus alisema, akimwita kwa heshima ya Kihaya, "mimi sijagusa kitu!" Akamtazama Edvina. Edvina akatazama migomba.

Habari zilifika shuleni. "Njugumawe! Njugumawe!" watoto walimzomea Privatus. Yeye, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, aliinamisha kichwa. Akahamia dawati la nyuma, mbali na Edvina.

Edvina alikimbilia ghalani. "Hataki hata kunisalimu," alimwambia panya. Panya akamgeuzia mgongo, akaendelea kulamba watoto wake. Hakumhitaji Edvina hata kidogo.

Edvina alilia, kisha akamfuata babu migombani.

"Babu, nilikudanganya. Panya yupo, na amezaa. Mimi ndiye ninayemlisha."

Babu akashusha panga. "Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Hapa hakuna anayeongea nami."

Babu akakaa chini kama mtu aliyeangukiwa na mkungu wa ndizi. "Hilo kosa ni langu," alisema mwishowe. "La uongo ni lako."

Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akalifunika tenga kwa gunia, akalipeleka rweya, kule kwenye nyasi ndefu nje ya kijiji, panya na watoto wake wakiwa ndani. Njugumawe zilizobaki alizifukia. "Mkojo wa panya una magonjwa," alieleza, wakinawa kwa sabuni.

Kisha wakaenda kwa kina Privatus. Babu alivua kofia mbele ya mtoto.

"Nilikuita mwizi bila kuchunguza. Nisamehe."

"Na mimi nilijua, nikanyamaza," Edvina akasema. "Kesho nitaliambia darasa zima."

Privatus akawatazama wote wawili. "Yaani nimeitwa mwizi kwa sababu ya panya? Angalau angekuwa ng'ombe!"

Mama yake, Ma Verdiana, akacheka, akawapimia mbegu za kupanda. Wakati wa kuagana, babu alimshika Edvina bega.

"Kumhurumia mnyama si kosa. Kosa ni kumwacha mwenzako aumie ili siri yako ikae salama. Ulidanganya ili upate wa kuongea naye, na uongo huo ukakufukuzia rafiki."

"Nimeelewa, babu."

"Mimi nakuja kesho kuziba matundu ya ghala," Privatus akadakia. "Huyo panya akirudi, ajitetee mwenyewe!"