Fungu la Mwenye Kilima

Taa ya tisa iliwaka siku ya Jumanne, na nyuma yake hapakuwa na waya.

Wahida, fundi wa mashine, alikifungua kisanduku cha taa akahakikisha. Mashine ya kusaga kokoto ilikuwa na beringi nane za kuzungukia mihimili yake, na kila moja ilikuwa na taa yake. Kazi ya kisanduku ni nyepesi kueleza: kinahesabu dakika ishirini, kinaiamsha pampu, pampu inasukuma grisi kwenye vibomba, na kila beringi ikishapata fungu lake inarudisha habari, taa inakuwa kijani. Isipopata, taa inakuwa nyekundu na mashine nzima inazimwa kabla chuma hakijaungua. Taa za baada ya nane zilikuwa za akiba tu. Sasa ya tisa ilikuwa nyekundu, na mashine imezima.

Kabla ya kisanduku, kazi hiyo aliifanya Mzee Buanali, baba yake Wahida, kwa bomba la mkono. Gesi ilipopatikana baharini na barabara ya Palma kuanza kudai kokoto, ndiye aliyewaambia wageni kwamba kilima wanachokivunja kina mwenyewe. Wakamcheka. Naye kila alipomaliza beringi nane, alitambaa chini ya mashine katikati ya mikanda, akalipaka mafuta ya nazi jiwe jeusi la kilima lililoachwa humo, akafukiza ubani kidogo. Miaka mitatu hakuumia mtu. Kisha kampuni ikanunua kisanduku, ikamwachisha kazi mzee, na fundi aliyekuja kukifunga alikuwa binti yake mwenyewe, aliyemsomesha mjini Pemba kwa jasho lake. Shukrani ya punda ni mateke. Tangu siku hiyo Wahida akimwamkia, mzee haitikii.

Jumatano taa ilizimika na mashine ikafanya kazi tena, lakini tangi la grisi lililojazwa asubuhi lilikutwa kavu kabla ya saa nne, na chini hapakuwa na hata tone. Umeme ulipozimwa, pampu ilisikika ikivuta pumzi. Grisi ikaanza kunukia ubani. Jioni Wahida alikwenda kwa baba yake, akapiga magoti.

"Baba, shikamoo."

Mzee akageuzia uso ukutani.

"Baba, mwenye kilima anadai fungu lake. Mimi sikumwekea."

Mzee akamgeukia. "Marahaba," akasema mwishowe, na Wahida akalia. "Kesho adhuhuri nitaingia kule chini nimpe. Mashine ikizima, iache. Usiiwashe mpaka unione nimetoka."

Kesho yake, jua la utosi, taa ya tisa ikawaka na mashine ikazima. Wahida akangoja. Malori yakapanga foleni, yakipiga honi. Feliciano, chefe, yaani mkuu wa machimbo, mtu wa Mueda asiyeogopa kitu ila simu ya wakubwa wake, akaja mbio.

"Unganisha waya wa kuzimia, menina," akamwambia, kama alivyowaita wasichana wote. " Mashine iwake bila kukiuliza kisanduku."

"Ngoja kidogo, chefe. Baba yangu anakuja."

"Huyo uliyemtoa kazini? Hatakuja. Unganisha, au kesho mtakaa wote wawili nyumbani."

Wahida akatazama njia ya kijijini, haikuwa na mtu. Akasikia harufu ya ubani ikipanda kutoka chini ya mashine, nzito kuliko ya jana, akajiambia ni grisi ileile, akajiambia mzee bado ana kinyongo na ile marahaba ilikuwa ya kumwondoa mlangoni tu, na huku moyo unamwambia inama utazame, inama mara moja tu, mikono yake ikaunganisha waya, na mashine ikanguruma, ikasita kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni, halafu ikaendelea.

Taa ya tisa ikawa kijani.

Ndipo alipoziona ndara za baba yake. Zilikuwa upande wa kilimani, alikopitia mzee ili chefe asimwone, zimepangwa pamoja kama zinavyovuliwa mlangoni mwa msikiti.

Kampuni ilileta sanda na gunia la mchele. Kisanduku kikabadilishwa, kikaja kipya. Mashine ikasaga wiki tano bila kusimama hata mara moja. Wahida alibaki kazini, kwa kuwa mama yake sasa hakuwa na mwingine wa kumlisha.

Asubuhi ya arobaini ya mzee, kwenye kisanduku kipya, taa ya tisa ikawaka nyekundu. Wahida akamwita Feliciano. Safari hii chefe hakutaja waya. Aliwatazama vibarua mmoja mmoja, kisha akamwuliza Wahida kwa sauti ya chini ni nani kati yao asiye na ndugu hapa karibu.